Tope la Bwawa Lisifunguliwe Oktoba: Jibu kwa Mtendaji wa Kijiji

Swali: Mimi ni mtendaji wa kijiji kilicho chini ya bwawa dogo la kufua umeme katika Nyanda za Juu Kusini. Tumeletewa barua kwamba mwezi Oktoba kituo kitasimama wiki 3 ili mtambo ufanyiwe matengenezo, na kwamba katika muda huohuo milango ya chini ya bwawa itafunguliwa kuondoa tope. Barua inasema athari kwa mazingira na uchumi zitakuwa “ndogo na za muda mfupi”. Wananchi wetu wana vinyungu, yaani mashamba madogo ya kiangazi, kando ya mto, wapo wavuvi, na vitongoji viwili huchota humo maji ya kunywa. Athari hizo hupimwaje, nasi tuulize nini?

Jibu:

Ndugu Mtendaji, barua mliyoletewa inazitaja kazi mbili kana kwamba ni moja. Kutengeneza mtambo ni kazi moja, na kuondoa tope ni kazi nyingine. Kila moja ina athari zake, gharama zake na, jambo lililo kubwa zaidi kwenu, majira yake. Mtambo hutengenezwa kwa hasara ndogo wakati wa kiangazi, mto unapokuwa umepungua na maji hayatoshi kuzungusha mitambo yote. Tope huondolewa kwa madhara machache wakati wa mvua, mto unapokuwa umejaa na wenyewe tayari una rangi ya udongo. Anayeziunganisha kazi hizi mbili mwezi Oktoba anapunguza hasara katika hesabu za kituo na kuisukuma kwa watu walio chini ya bwawa, ambao hawamo katika hesabu hizo. Jibu langu lote limejengwa juu ya hoja hiyo, kwa hiyo nitaieleza kwa namba.

Kwanza lazima tukubaliane kwamba matengenezo yenyewe ni ya lazima. Tathmini yoyote ya haki hulinganisha hali mbili, yaani hali itakayokuwapo kazi ikifanyika na hali itakayokuwapo isipofanyika, na hiyo ya pili husahaulika mara nyingi. Tarehe 17 Agosti 2009, katika kituo cha Sayano-Shushenskaya kwenye Mto Yenisei nchini Urusi, kifuniko cha mtambo namba 2 kiling’oka baada ya boliti zake kuchoka kwa mtikisiko wa muda mrefu. Maji yalifurika katika jengo la mitambo na watu 75 walikufa. Makumi ya tani za mafuta ya mitambo ziliingia mtoni na kuua samaki wa mabwawa ya ufugaji kwa mamia ya tani. Bwawa lililojaa tope nalo lina hatari zake: milango ya chini inaweza kuziba na kushindwa kufunguka siku ya mafuriko, na mchanga unaoingia katika mitambo hula vyuma vyake. Kwa hiyo msiende kwenye kikao mkisema kazi isifanyike. Nendeni mkisema ifanyike lini, namna gani, na kwa gharama ya nani.

Sasa tuangalie hasara ya kusimamisha mtambo, kwa kutumia kituo cha umeme wa maji cha Kihansi, hapa Tanzania, ambacho takwimu zake zinafahamika vizuri. Kihansi ina mitambo 3 ya megawati (MW) 60 kila mmoja, na maji yake huanguka kimo cha zaidi ya mita 850. Kwa kimo hicho, kila mtambo ukifanya kazi kwa uwezo wake wote hunywa takriban mita za ujazo 8 za maji kwa sekunde, wakati wastani wa maji ya mto ule kwa mwaka ni takriban mita za ujazo 16 kwa sekunde. Bwawa lake ni dogo, lenye ujazo wa takriban mita za ujazo milioni 1.6, kiasi ambacho mto ukiwa katika wastani wake hukijaza kwa muda unaozidi kidogo siku moja. Maana yake ni kwamba hakuna pa kuyahifadhi maji yasiyotumika leo ili yafue umeme mwezi ujao, yakizidi, yanamwagika.

Kutokana na hapo hesabu inajieleza yenyewe. Kiangazi, mto unaposhuka chini ya wastani, mitambo miwili inatosha kuyatumia maji yote yaliyopo, na wa tatu ukifunguliwa kwa matengenezo hakuna uniti hata moja inayopotea. Msimu wa mvua, mto ukiwa na maji ya kutosha mitambo yote mitatu, kuusimamisha mmoja kwa siku moja ni kupoteza uniti 1,440,000, na kwa siku 20 ni uniti 28,800,000. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba umeme wa kuziba pengo hilo unazidi ule wa maji kwa shilingi 100 kwa uniti: hasara inafika shilingi bilioni 2.88. Kama pengo linazibwa na jenereta za dizeli zinazotoa takriban kilo 0.7 za hewa ya ukaa kwa kila uniti, basi kuna zaidi ya tani 20,000 za hewa hiyo ambazo nazo zinapaswa kuandikwa katika ukurasa wa mazingira. Gesi asilia ingetoa kidogo kuliko hapo, na umeme wa bwawa jingine ambalo maji yake yangemwagika bure ungetoa karibu na sifuri.

Hilo la mwisho limekuwa na uzito mpya nchini kwetu. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 ya MW 235 kila mmoja, lilianza kuingiza umeme katika Gridi ya Taifa mwaka 2024, na mwaka huohuo baadhi ya vituo vya maji vilizimwa kwa muda kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Katika hali kama hiyo, saa ya kituo kidogo kusimama haina bei ile iliyokuwa nayo katika ukame wa mwaka 2006, nchi ilipokuwa katika mgawo mkali. Mtu akiwaambia kwamba Oktoba ndiyo njia pekee ya kuepuka hasara kubwa ya umeme, mwulizeni pengo litazibwa na kituo gani na kwa tofauti gani ya bei kwa uniti. Mhandisi wa gridi anayo majibu hayo, na hayahitaji siku nyingi kuyatafuta.

Nakuja kwenye tope, ambako ndiko moyo wa swali lako ulipo. Tuchukulie kwamba nyuma ya ukuta wa bwawa lenu kuna tope la kuondoa ambalo likikauka lina uzito wa tani 20,000, na kwamba litaondolewa kwa siku 5. Tuchukulie pia kwamba Oktoba mto wenu una mita za ujazo 3 kwa sekunde, na Machi au Aprili una 30. Katika siku 5 za Oktoba zitapita mita za ujazo 1,296,000 tu, na kila lita itabeba wastani wa gramu 15 za tope. Katika siku 5 za msimu wa mvua zitapita karibu milioni 13, na kila lita itabeba gramu 1.5. Tope ni lilelile na milango ni ileile. Kilichobadilika ni mwezi.

Je, gramu 15 ni nyingi? Ufaransa wana bwawa la Génissiat kwenye Mto Rhône, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likisafishwa kwa utaratibu unaopangwa pamoja na mabwawa ya Uswisi yaliyo juu yake. Masharti yake yanataka wastani wa kazi nzima usizidi gramu 5 kwa lita, usizidi gramu 10 kwa saa 6, wala gramu 15 kwa dakika 30. Kiwango ambacho kule kinavumiliwa kwa nusu saa, katika mfano wetu wa Oktoba kinakuwa hali ya kawaida ya siku 5 mfululizo. Wanaliweza hilo kwa sababu ukuta wao una milango katika vimo tofauti, hivyo maji mazito ya chini huchanganywa na maji mepesi ya juu, huku wapimaji wakichukua sampuli mchana na usiku na kumwelekeza anayeendesha milango apunguze au aongeze. Mabwawa yetu madogo mengi hayana milango ya namna hiyo. Kwetu kinachoweza kufanya kazi ya kuchanganya ni mto wenyewe ukiwa umejaa, na hii ndiyo sababu kubwa ya kusubiri mvua.

Uzito wa tope si jambo pekee la kupima. Tope lililokaa miaka chini ya bwawa bila hewa lina majani na miti iliyooza, na likitibuliwa ghafla hufyonza oksijeni iliyomo majini. Samaki anaweza kufa kwa kukosa hewa kabla mashavu yake hayajazibwa na udongo. Ndani yake pia huwa kumehifadhiwa kila kilichosombwa kutoka mashamba ya juu: mbolea, viuatilifu, na dawa ambazo pengine ziliacha kutumika zamani. Kwa hiyo tope hupimwa likiwa bado bwawani, kwa sampuli kutoka sehemu na vina mbalimbali, na majibu ya maabara husomwa kabla ya mlango wowote kufunguliwa. Kipimo kinachochukuliwa baada ya hapo kinaweza kueleza kilichotokea, lakini hakizuii chochote.

Nalisisitiza hilo kwa sababu ya yaliyotokea Kihansi. Katika bonde jembamba la maporomoko yale aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, ambaye wanasayansi walimgundua mwaka 1996 wakati ujenzi ukiendelea na ambaye hakupata kuonekana kwingine kokote duniani. Maisha yake yalitegemea manyunyu ya maporomoko. Umeme ulipoanza kufuliwa, sehemu kubwa sana ya maji ilihamishiwa katika mahandaki ya mitambo, manyunyu yakakatika, na ikabidi vifungwe vinyunyizi vya bomba ili kuiga kazi ya maporomoko. Vyura wapatao 500 walichukuliwa mwishoni mwa mwaka 2000 na kupelekwa kutunzwa Marekani. Waliobaki bondeni walionekana kupata nafuu, na makadirio ya katikati ya mwaka 2003 yalifika takriban 20,000. Miezi michache baadaye walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na mwaka 2004 ndiyo mara ya mwisho walipothibitika kuonekana porini.

Katika kipindi hicho cha mwaka 2003 mambo matatu yaliangukiana. Vinyunyizi viliharibika wakati wa kiangazi. Milango ya bwawa ilifunguliwa kwa muda mfupi kuondoa tope, nalo lilikuwa na viuatilifu kutoka mashamba ya mahindi ya juu. Na ukaonekana ugonjwa wa kuvu wa ngozi ambao umemaliza vyura katika mabara mengi. Sitasema tope peke yake ndilo lililowamaliza, na wanasayansi wengi huutaja ugonjwa huo kuwa chanzo kikubwa. Ninachosema ni kwamba kufunguliwa kwa milango hakukuwa tukio lililosimama peke yake: kulikuta viumbe ambao tayari walikuwa wamebanwa na mambo mengine mawili. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini, na kuanzia mwaka 2012 uzao wa wale waliopelekwa Marekani ukaanza kurudishwa bondeni, kazi ambayo imegharimu fedha na miaka mingi. Kazi ya milango iliyochukua muda mfupi iliingia katika historia ya athari zilizodumu zaidi ya miaka 10.

Mafunzo mawili ya Kihansi yanafaa kuingia katika tathmini yenu. La kwanza ni kwamba athari hupimwa pamoja na mambo mengine yatakayokuwapo siku hiyohiyo. Oktoba mto una maji kidogo, yana joto, oksijeni imepungua, watu na mifugo wanaugombania, na vinyungu vinamwagiliwa. Tope likiletwa juu ya hayo yote, madhara yake hayatakuwa sawa na tope hilohilo likija Machi. La pili ni kwamba kifaa cha kupunguza madhara nacho ni mtambo unaohitaji matengenezo. Mkiahidiwa pampu ya muda, matangi ya maji au king’ora cha tahadhari, ulizeni nani atakikagua, na nini kitafanyika kikiharibika siku ya pili ya kazi.

Wiki 3 za mtambo kusimama zina athari nyingine isiyohusu tope. Katika vituo vingi maji hupita handakini na kurudi mtoni mbali na bwawa. Mtambo ukisimama, maji hufuata njia ya zamani ya mto, kwa hiyo sehemu iliyozoea kuwa karibu kavu hupata maji mengi, na bwawa linapojazwa tena baada ya kazi, mto mzima chini yake unaweza kukauka kwa saa au siku kadhaa. Samaki hunaswa katika vidimbwi na vitongoji vyenu viwili hukosa pa kuchota. Kiwango cha chini cha maji kinachopaswa kubaki mtoni wakati wote kimo katika kibali cha kutumia maji kinachotolewa na bodi ya maji ya bonde, na masharti ya kibali hicho hayasimami kwa sababu kituo kiko katika matengenezo. Ombeni kuonyeshwa kibali. Jambo la kuogopwa zaidi ya ukavu, hata hivyo, ni maji kurudi ghafla. Mtoto anayeoga katika mto uliokuwa mtulivu wiki nzima hana namna ya kujua kwamba mlango umefunguliwa kilomita kadhaa juu yake. Milango ifunguliwe kidogo kidogo, mchana, baada ya king’ora, na kila kitongoji kiwe na mtu anayepigiwa simu na aliye na kazi ya kuhakikisha mto hauna mtu.

Kuhusu mafuta, grisi na rangi za zamani zinazokwanguliwa katika milango ya chuma, inatosha kuwepo orodha ya taka, mahali pa kuzihifadhi, na jina la atakayezichukua. Haya yana taratibu zinazojulikana na mkandarasi yeyote makini huyafuata.

Uchumi wa kijiji unahitaji muda zaidi, maana ndio unaoachwa nje. Wavuvi, wenye vinyungu, wanaofyatua matofali, wanaovusha watu kwa mtumbwi na akina mama wanaochota maji hawana stakabadhi, na kwa sababu hiyo mshauri anayetafuta takwimu ofisini huandika kwamba hasara yao ni ndogo. Ninyi mnaweza kuziandika kabla. Katika mwezi mmoja kabla ya kazi, kaeni na wavuvi mwandike kila jioni kilichovuliwa na bei yake. Pimeni ukubwa wa vinyungu vinavyotegemea mto na mwandike zao lililomo. Hesabuni ndoo zinazochotwa na bei ya ndoo moja ikilazimika kununuliwa kwingine. Daftari la namna hiyo, likisainiwa na kamati ya maji na nakala yake kupelekwa kwa mtendaji wa kata, ni ushahidi ambao tathmini haiwezi kuupuuza, na ndilo litakalotumika baadaye kudai fidia kama madhara yatazidi yaliyoahidiwa.

Upande wa faida nao uandikwe kwa haki. Vijana watapata vibarua, mama lishe watauza, na vyumba vitapangishwa. Lakini angalieni hesabu isirudiwe mara mbili: ujira wa kibarua ni gharama kwa mradi na ni pato kwa kijiji, hauwezi kuhesabiwa kuwa faida ya taifa zima na ya kijiji kwa pamoja. Kama kituo chenu huilipa halmashauri ushuru wa huduma kutokana na mauzo ya umeme, siku za kusimama zitapunguza malipo hayo, na siku ambazo mtambo uliotengenezwa utafanya kazi bila kukatika zitayaongeza. Faida ya kweli ya matengenezo iko katika miaka inayofuata, wala sipendi kuiona ikipigiwa hesabu kwa vibarua vya wiki 3.

Basi ushauri wangu ni huu. Kubalini mtambo utengenezwe Oktoba, kwa sababu huo ndio wakati wake. Ombeni kuondoa tope kuhamishiwe msimu wa mvua, baada ya mafuriko ya kwanza kupita, kwa kuwa kambale na samaki wengine hupanda kutaga mito inapoanza kujaa na hawapaswi kukutana na tope njiani. Lisiachwe pia hadi mwisho wa mvua: baada ya milango kufungwa, mto lazima uendelee kuwa na maji mengi safi kwa wiki kadhaa ili kusomba tope lililotua katika vidimbwi na kwenye changarawe, la sivyo litakaa hapo hadi mvua za mwaka unaofuata. Wakijibu kwamba lazima bwawa lishushwe Oktoba ili mafundi waufikie mlango wa kuingizia maji, ulizeni kama kazi hiyo inaweza kufanywa na wapiga mbizi, au kwa kuziba njia ya maji kwa vizuizi vya chuma vinavyoteremshwa mbele ya mlango. Mabwawa mengi yalijengwa yakiwa na nafasi za vizuizi hivyo. Ikithibitika kwamba hakuna njia nyingine, bwawa lishushwe taratibu kwa maji ya juu tu, na tope libaki lilipo.

Maombi hayo yapelekeni kwa maandishi kwa mwendeshaji wa kituo, nakala kwa bodi ya maji ya bonde na kwa NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, mkirejea Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Katika barua hiyo, mahali pa maneno “ndogo na za muda mfupi”, waombeni waandike namba: gramu ngapi za tope kwa lita ndicho kikomo, oksijeni isishuke chini ya kiwango gani, nani atapima na kila baada ya saa ngapi, na ni nani mwenye mamlaka ya kuamuru mlango ufungwe kikomo kikipitwa. Sharti hili la mwisho msiliache, kwa sababu mpimaji asiye na mamlaka ya kusimamisha kazi ataandika tu namba wakati samaki wanakufa. Vipimo viendelee walau hadi msimu wa mvua unaofuata uishe, katika sehemu zilezile zilizopimwa kabla ya kazi, na majibu yake yabandikwe katika ofisi ya kijiji kila yanapotoka.